Pikipiki Isiyozimwa

Afisa wetu wa kilimo hapa Malaba anachosha macho. Haketi. Hata pikipiki huiacha ikinguruma kando ya shamba huku yeye akiruka mistari ya soya, aking'oa miche na kupasua vinundu vya mizizi kwa ukucha.

"Kikiwa chekundu ndani, bakteria wako kazini, wanageuza hewa kuwa mbolea," husema, macho tayari kwenye mche mwingine. "Kazi hiyo hutoa haidrojeni; ikitaka kutoroka, bakteria wazuri wanaidaka, inawapa nguvu tena. Lakini huo mtambo wa kuidaka wanawasha tu kukiwa na kazi. Kama hakuna, wanazima."

"Na wewe, boss, mbona huzimi pikipiki?" Mama Nasambu, mwenye shamba, alimuuliza jana.

"Ikizima haiwaki."

Msimu uliopita soya ya Mama Nasambu iligeuka njano yote kwa kukosa bakteria hao. Mbegu za safari hii ni afisa mwenyewe aliyezipaka bakteria. Jana hiyo akapasua kinundu: cheupe. Kingine: cheupe. Akang'oa mche mwingine. Kilichofuata kikafunguka chekundu kama nyama mbichi.

Alienda akazima pikipiki, akarudi, akaketi chini kwenye udongo.

Jioni tulimsukuma juu ya pikipiki yake hadi barabarani.