Karibu Kahawa

Mshauri wa kituo cha kupima Ukimwi mjini Niš, Serbia, huandika kwa kidole gumba kimoja, mkono wa pili ukishikilia kibirika cha kahawa kisifurike. Kutwa yumo kwenye mitandao wanakotafutana wanaume wapendao wanaume wenzao, naye kila mmoja wao humwandikia yaleyale: "Pita kituoni, kaka. Kupima ni dakika kumi na tano, na kahawa ipo." Sauti yake ni ya chini, hata akipiga chafya huomba radhi. Nesi Ljubica amemsihi mara nyingi alifute hilo neno kahawa, maana mtandaoni, mwanaume akikualika kahawa hakualiki kunywa. Yeye hujibu, "Sawa, dada," na halifuti.

Jumanne moja akaingia mwanaume wa makamo, ndevu kanyoa, marashi yanamtangulia, boksi la chokoleti kwapani. Alipoona glavu na sindano uso ukamshuka.

"Kahawa yenu ina miiba!" akasema, mkono ukirudi kwenye kitasa.

Ljubica akamkata jicho mshauri. Mshauri hakumfuata mgeni wala hakumbembeleza. Alimimina vikombe viwili, akasogeza kiti kwa mguu. "Hii hapa, kaka. Usiiache ipoe."

Mgeni akakaa. Alipiga mafunda mawili, kisha akanyoosha kidole mwenyewe kichomwe.

"Umewahi kupima?" Ljubica akamuuliza.

"Mara nne nimefika hapo mlangoni, dada, nikageuza. Leo nimejidanganya nimealikwa kahawa."

Mshauri alikuwa keshashika simu, anamwandikia mwingine.