Pikapu Ilipoacha Kugonga

Juzi, kwenye gereji moja hapa Lodwar, kijana alilipandisha gari langu kwa jeki, akashika gurudumu la mbele juu na chini, akalitikisa. Kok, kok. Halafu harufu ya grisi kuukuu ikanifika puani, na mimi, mtu mzima na heshima zangu, nikajikuta nimekaa juu ya tairi bovu nalia. Kijana alishtuka. "Mathe, ni boljointi tu, inabadilishwa," akaniambia. Maskini, angejua!

Nilikuwa darasa la pili, tukiishi Kakuma. Baba alikuwa na pikapu nyeupe ya kubebea samaki wakavu kutoka Kalokol hadi soko la kambi ya wakimbizi, na hata tungeiosha vipi, ilinuka samaki. Mama aliipenda harufu hiyo. Kwao ni Kalokol, na alisema akiingia tu humo ndani ni kama amefika kwa mama yake.

Mwaka huo Mama akaugua tumbo. Alikuwa mwanamke wa kelele, wa kucheka mpaka majirani waulize kuna nini, na shanga zilimjaa shingo hadi kidevuni. Sasa alikonda mpaka shanga zikawa zinamlegea. Kila Baba alipompeleka zahanati, pikapu iligonga mbele upande wa kushoto kwenye kila shimo, na kila ilipogonga Mama aling'ata leso yake na kuguna. Kok, mmh. Kok, mmh. Mimi niliyeketi katikati yao nikapiga hesabu zangu za kitoto: pikapu ndiyo inayomuumiza Mama. Nililichukia gari lile, jamani! Siku moja nililipiga teke, nikaumia kidole, na Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Basi siku moja Baba alikwenda zahanati peke yake. Jioni akatwambia kesho tunashuka Lodwar. Hakuna aliyetaja hospitali. Hospitali niliiongeza mwenyewe, kwa sababu kila aliyezidiwa Kakuma alipelekwa hospitali ya Lodwar.

Asubuhi tulipitia kwanza kwa Lado, fundi wa kutoka Sudan Kusini, aliyekuwa na gereji yake kambini chini ya mwarobaini. Mama alitandikiwa mkeka kivulini. "Ejok, mama," Lado akamsalimu kwa Kiturkana chake cha kuokoteza, na Mama akamjibu kwa kuinua mkono. Kisha wakaipandisha pikapu. Lado akashika gurudumu, na Baba akaniita.

"Akiru, leta mkono."

Akaviweka vidole vyangu juu ya kifundo cha chuma nyuma ya gurudumu. Lado alipotikisa, kitu kikaruka chini ya vidole vyangu.

"Hii ndiyo inamuuma Mama?" nikauliza.

Lado alimtazama Baba. "Ndiyo," Baba akasema. "Ndiyo hii."

Wakaondoa gurudumu, wakafungua nati, wakagonga kwa nyundo mpaka boljointi ikaachia. Lado akanionyesha jinsi kichwa chake cha mviringo kilivyocheza ndani ya kikombe chake, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. "Hii imekwisha. Mngeingia laga nayo, kwenye mawe ya mto mkavu, tairi ingelala hapo hapo," akasema. Akafunga mpya, akaijaza grisi, akaanza kukusanya spana.

"Ya kulia pia," Baba akasema.

"Ya kulia iko mzima, Baba Akiru. Endeni tu, jua inapanda."

"Badilisha, Lado. Sitaki asikie hata kidogo."

Lado hakubishana. Akahamisha jeki upande wa kulia na kufanya kazi bila ule utani wake wa kila siku. "Baba Akiru," Mama akaita kutoka mkekani, "unanichelewesha kwa mama yangu." Nilimsikia vizuri kabisa, ila sikuyatilia maneno yale maanani.

Tulipoondoka, pikapu ilikuwa kimya. Tuliingia mashimo, tukavuka laga zenye mawe, na hakuna kilichogonga. Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso, nami nikajua ni kwa ajili ya vumbi. Hakuguna hata mara moja.

"Mama, umepona?"

Alishusha leso kidogo. "Nimepona, mama yangu."

Niliimba nyimbo zote za shule ya Jumapili nilizozijua, nikazirudia. Tulipofika Lodwar, Baba hakukata kuelekea hospitali. Alishika barabara ya Kalokol, na mimi nikashangilia, maana mtu aliyepona ana kazi gani hospitali? Baba alikuwa akipangusa macho. Alisema ni vumbi, na madirisha yalikuwa yamefungwa.

Kalokol, nyanya yangu alikuwa amesimama kati ya samaki wake walioanikwa. Niliruka chini na kumkimbilia. "Mama amepona! Baba amebadilisha boljointi!" Wanawake waliokuwa naye wakageuza nyuso zao.

Mama alifariki kabla ya wiki kwisha, kichwa chake mapajani mwa mama yake. Kwa muda mrefu nilimkasirikia Lado, nikiamini alitufungia vyuma vibovu.

Nilikuwa nimeshakuwa mama mwenyewe Baba aliponieleza. Daktari alikuwa amemwambia ampeleke mgonjwa anakotaka, na Mama alitaka kwao, ila aliiogopa barabara. Nikasema angalau safari ile haikumuuma. Baba akasema, "Ilimuuma njia nzima. Nilitaka kusimama, akanikataza kwa mkono. Wewe ulikuwa unaimba."

Leso yake ninayo hadi leo. Pembe moja imetoboka toboka, na miaka yote ile nilidhani ni panya.