Saa Nyekundu Mkononi mwa Baba

Saa ile ilikuwa nzuri. Nalisema hilo mapema, kwa sababu niliichukia, na mwenye chuki akisifu husadikiwa.

Ilikuwa nyekundu, mfano wa shaba iliyosuguliwa kwa ndimu na majivu. Ndani ya uso wake mlikuwa na nyuso nyingine ndogo, kila moja na mshale wake, na ubavuni vitufe viwili. Ukibonyeza cha juu, mshale mwembamba unaanza kukimbia. Ukibonyeza tena, unasimama papo hapo. Cha chini kinaurudisha mwanzo. Ni saa ya kupimia mbio. Sasa pale kwetu Ziwani nani alikuwa anakimbia? Baba alipimia muda wa mihogo kuiva jikoni, akacheka kama mtoto. Mimi niliishika mara moja tu. Uzito wake ulikuwa wa kitu chenye mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mgeni kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mchuuzi ambaye baba alifahamiana naye sokoni. Kule kwao vita vilikuwa vinaendelea. Alilala kwetu, asubuhi akaivua saa na kumwambia baba, "Nitunzie, mzee, mpaka nirudi." Baba akaipokea, ikawa amana. Siku zile kila mgeni alipaswa kupelekwa kwa balozi wa nyumba kumi akajulikane. Huyu hakupelekwa. Ulikuwa msimu wa kuokota korosho, na baba alisema atakwenda kesho.

Akaivaa, kwa hoja kwamba kitu cha watu kiko salama zaidi mkononi kuliko sandukuni. Tena shaba, alisema, ni dawa ya baridi yabisi.

"Baba watoto," mama alimwambia, "nguo ya kuazima haisitiri maungo."

Akamjibu kwamba wanawake wana hofu nyingi. Alilima nayo, akaswalisha nayo pia, maana ndiye aliyekuwa imamu wetu.

Kisha shangazi akaja kutoka Mikindani kututazama. Shangazi yule aliolewa na sonara, na macho yake hayakuwa na adabu mbele ya vito. Aliushika mkono wa baba, akaisogeza saa, akaichunguza ngozi.

"Kaka, jasho lote hili la shamba, na mkono haujaota kijani? Hii si shaba. Hii ni dhahabu nyekundu."

Baba aliivua kana kwamba imemuunguza. "Astaghfirullah! Nimeswalisha watu na dhahabu mkononi." Mwanamume wa Kiislamu havai dhahabu, hata mtoto wa chuoni analijua hilo. Akaifukia ndani ya gunia la makopa ya muhogo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alipokuwa akiivaa, hakuna aliyejali. Alipoacha, kijiji kizima kiliuona mkono mtupu. "Imamu, saa iko wapi?" waliuliza kwa utani, kisha bila utani. Baba hakujua kusema uongo, kwa hiyo alinyamaza, na minong'ono kwamba ni dhahabu ikafika wilayani.

Landrova ilikuja baada ya swala ya Alasiri. Bwana aliyeshuka alikuwa mpole mno. Watu wapole wa namna ile siwaamini mpaka leo. Alikaa mkekani, akanywa maji yetu.

"Ndugu, dhahabu na ujamaa hulala nyumba moja?" aliuliza. "Na aliyekupa, balozi anamfahamu?"

Kusema kweli kulikuwa ni kukiri kwamba alificha mgeni wakati wa vita. Baba alitazama chini. "Ni amana," alisema.

"Basi nipe mimi nikuhifadhie. Hakuna atakayeuliza tena." Akalitazama gari lake, kisha akatutazama sisi watoto, mmoja mmoja.

Baba akalifungua gunia. Bwana yule akaivaa palepale, akabonyeza kitufe cha juu, akatabasamu mshale ulipoondoka.

Mgeni alirudi mikorosho ilipotoa maua. Baba alimweleza yote bila kujitetea. Mgeni hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Mama alileta ugali na samaki, mgeni hakunawa hata mikono ale.

"Si yangu, mzee," alisema. "Nami niliachiwa. Mwenyewe ataifuata, na itabidi nimwambie niliiacha hapa."

"Ni mtu gani?"

"Usiniulize."

Akaondoka jua likiwa kali. Kesho yake baba alitupeleka sote kituoni, twende kwa shangazi. Mama alimshika kanzu, akamsihi apande naye.

"Mtu akifuata amana yake," baba alisema, "lazima akute wa kumjibu. Akikuta nyumba tupu, mimi ni mwizi."

Hakuna aliyekuja, mwaka ule wala uliofuata, na baba hakuthubutu kulala nje ya nyumba ile. Nilipoolewa Mikindani, alimpa baba mdogo uwakala wa kuniozesha. Nililia siku nzima, watu wakadhani ni haya ya bi harusi. Nikamfungia pilau, nikamwomba shemeji mmoja ampelekee.

Shemeji aliporudi aliniambia kwamba baba alikuwa ameketi mlangoni. Alipomwona mwanamume asiyemjua anaingia uani, alisimama, akaiweka sawa kofia yake, akasema, "Karibu, mwenye mali. Saa sinayo, ila mimi nipo."