Ni Mimi Niliyemtukana Josue Akiwa Amelala Chini

Admin, jina langu lifute kabisa, hata herufi ya kwanza usiiache, maana Wakenya wa huku Maryland tunajuana. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Nina miaka thelathini na tisa, naishi Gaithersburg, sina mume, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nimesoma visa vya watu hapa nikawacheka. Leo ni zamu yangu.

Mdogo wangu Kevo alikuwa anacheza raga, ile ya wachezaji kumi na watatu kila upande. Timu ya mtaani tu, hakuna tiketi, mnakaa kwenye ngazi za bati kando ya uwanja. Mimi na marafiki zangu watatu tulikuwa tunaenda kila mechi, na mwenye mdomo nilikuwa mimi. Refa nilimtukana, wachezaji nikawatukana, mama zao nikawataja. Kazini wiki nzima nasema "yes ma'am" huku nikitemewa uji kifuani. Uwanjani nikifungua mdomo watu wanageuka, wanacheka, wananipiga picha. Nilijiona mtu.

Siku hiyo wapinzani walikuwa na kijana Mkongo mwenye mbio sana. Nilijua ni Mkongo kwa sababu mama yake, aliyekaa safu ya mbele, alikuwa anamshangilia kwa Kiswahili cha kwao. Kipindi cha pili alikabwa na watu wawili, akaanguka kichwa kikitangulia. Hakuinuka. Sisi tulikuwa nyuma kwa pointi mbili na muda unakwisha, nikaamua anajifanya.

Nilisimama nikapiga kelele: "Inuka, fala wewe! Kama unakufa, kufa haraka tucheze! Mkimbizi wewe, rudi kambini ukapange foleni ya unga!"

Msiniambie nilidhani hawataelewa. Nilitumia Kiswahili kwa sababu nilijua wataelewa.

Marafiki zangu walicheka. Yule mama hakugeuka. Alikuwa tayari anakimbia uwanjani na kiatu kimoja. Ambulensi ilipoondoka na yule kijana, mechi ikaisha hapo hapo. Ndani ya gari Kevo aliniambia, "Siz, leo ulivuka mpaka." Nikamjibu kwamba mechi ni mechi. Hajacheza tena tangu siku hiyo, na tukikutana ananisalimia kama jirani.

Baada ya kama miezi miwili, mchungaji wetu alitangaza kanisani kwamba kuna familia ya Wakongo hapo Silver Spring, kijana wao ametoka hospitali hawezi kutembea, na mama yake hajui kumgeuza kitandani bila kumuumiza. Akaniangalia mimi mbele ya watu wote. "Dada, wewe ndiyo kazi yako. Utatusaidia?" Nikasema ndiyo. Sikujua ni nani. Nilijua nilipofunguliwa mlango na yule mama wa safu ya mbele.

Mama Josue hakunitambua, kwa sababu siku ile hakuniona uso. Alinikumbatia pale mlangoni. Josue ana miaka ishirini na miwili. Miguu haifanyi kazi, mikono inasogea kidogo. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikamwonyesha mama namna ya kuweka mito asipate vidonda. Nilifanya yote hayo nikinong'ona, nikiogopa sauti yangu mwenyewe.

Sasa ni wiki ya kumi na moja naenda kila Alhamisi. Mama Josue ananipikia sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, ananiita dada. Siku moja tukikunja shuka aliniambia, "Dada, kile kilianguka juu ya mtoto wangu, ni mchezo, minakubali. Lakini kulikuwa mwanamuke mu watu. Josue anasema miguu yake haikusikia kitu, lakini masikio ilisikia yote. Ile sauti minaisikiaka hata nikiwa mu bafu. Siku ntaisikia tena, ntaijua."

Niliendelea kukunja shuka. Nikakunja na zile zilizokuwa zimekunjwa.

Na Josue mwenyewe, wiki iliyopita namkausha mgongo, akaniuliza, "Auntie, why do you always whisper? Unanong'ona hata kama hakuna mtu amelala." Nikamwambia nina shida ya koo. Akageuza kichwa, akaniangalia usoni. Sijui kama anajua. Admin, nakuapia sijui.

Kisha juzi Mama Josue akanipa simu yake nisome ujumbe. Umetoka kwa viongozi wa ligi. Kuna mtu alirekodi mechi ile, sauti inasikika wazi lakini uso hauonekani. Wamemwita mama Jumamosi hii asikilize, na aje na mtu wa kuwatafsiria maneno yale, kwa sababu kwenye kamati yao hakuna anayejua Kiswahili.

Akanishika mikono yote miwili. "Kingereza yangu ni kidogo, dada. Utaenda na mimi, utawaambia vizuri vile alisema. Usipunguze hata neno moja."

Nikamwambia nitakuja. Ndivyo nilivyosema.

Nilimpigia Kevo nikamweleza yote; anasema nisingizie kazi, nipotee pole pole, niache kwenda Silver Spring. Lakini nikiacha, nani atamwogesha Josue? Mama yake ana mgongo mbaya na anafanya usafi hotelini siku sita. Na nikimwambia ukweli, je, ataweza tena kuniruhusu nimguse mwanawe? Au nitakuwa nimemnyang'anya hata yule dada mmoja aliyempata Amerika, ili tu mimi nipumue?

Leo ni Jumatano. Kesho ni siku yangu ya kwenda kumwogesha, Jumamosi tunakaa mezani na mama yake pembeni yangu, sauti yangu inachezwa. Nitukaneni mkitaka, nastahili. Ila mkimaliza kunitukana mniambie: nimwambie kesho, au niende nikatafsiri?