Ghorofa la Kaka Yangu

Kaka yangu aliezua nyumba ya baba yetu bila kuniambia. Ilikuwa kiangazi, upepo wa Tunduma unapeperusha vumbi mpaka ndani ya masufuria, nami nilirudi kutoka kazini nikakuta sebule haina paa. Mama alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, amezungukwa na magodoro na vyombo, anatabasamu kama mtu aliyeletewa posa.

"Kaka yako anatujengea ghorofa," akaniambia.

Wakati ule nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi, jirani na barabara kuu inayoshuka mpakani. Kutwa nzima niliwasikiliza mafundi wakibishana mbele yangu kuhusu zege na nondo, kwa hiyo nilijua hiki na kile. Lakini jambo la nyumba yetu halikuhitaji ujuzi wowote. Baba aliijenga kwa tofali za kuchoma alizozifyatua mwenyewe, akaziunganisha kwa udongo badala ya saruji, juu ya msingi wa mawe usiofika hata magotini. Aliijenga ibebe bati, basi. Kaka yangu alikuwepo. Ndiye aliyekuwa akiukanyaga ule udongo kwa miguu yake. Alijua kuliko mimi kilichokuwa ndani ya kuta zile, na hilo ndilo sijamsamehe mpaka leo: si kwamba alikosea, bali kwamba alijua.

Nilimfuata nyuma ya nyumba alikokuwa amesimama na fundi wake.

"Nguzo ziko wapi?" nikamuuliza.

"Nguzo za nini?"

"Za kubeba zege. Huwezi kumwaga zege juu ya ukuta wa udongo."

"Ukuta huu ni mkubwa kwako kwa umri. Umewahi kuuona umeanguka?"

"Haujawahi kutwishwa nyumba nyingine kichwani."

Fundi akacheka. Kaka akamgeukia, akamwambia kwa sauti ili nisikie, "Usimjali. Anauza misumari, anajiona mhandisi."

Kaka yangu anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani. Ni mtu wa maneno matamu, anayejua kuongea na kila mtu kwa lugha yake: Kinyiha kwa Mama, Kinamwanga kwa majirani, Kibemba cha kubabaisha kwa wafanyabiashara wa ng'ambo. Alitaka vyumba vya juu vya kupangisha na fremu za maduka chini, kwa sababu Tunduma kila mwenye kiwanja anataka hivyo. Sikumlaumu kwa kutaka. Nilimwambia abomoe, aanze na msingi mpya, hata kama ingemchukua miaka. Akasema mimi nina kijicho kwa kuwa sina mume wala nyumba.

Nikahama. Nilipanga chumba upande wa pili wa mtaa, nikamwomba Mama aje tukae wote. Mama alinitazama kana kwamba nimemwomba ale udongo.

"Nitoke nyumbani kwa mume wangu nikakae kwa watu? Mwanangu wa kiume ananijengea, wewe unaniharibia."

Basi nikaenda halmashauri. Siku ile ile akaja mhandisi pamoja na mkaguzi, wakazunguka, wakagonga ukuta kwa chuma, udongo ukamwagika kama unga. Wakaweka alama ya X nyekundu mbele ya nyumba na kuamuru kazi isimame. Kesho yake kaka alikuja dukani. Duka lilikuwa limejaa. Hakunisalimu.

"Nyie mnaonunua hapa," akawaambia wateja, "mkumbuke huyu dada anauza saruji mchana, jioni anakwenda kuwashitaki mliojenga. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja. Nyie atawafanya nini?"

Wateja wawili waliacha mizigo yao, wakaondoka. Tajiri wangu aliniita pembeni akaniuliza kama nina akili timamu.

X ile ilipakwa rangi ya krimu. Wakaguzi wakija, fundi haonekani. Wakiondoka, anarudi, hasa Jumapili, watu wakiwa kanisani. Kaka aliitwa, akapewa hati ya kusimamisha ujenzi, akaikunja akaiweka mfukoni. Shauri lilikuwa bado linaendelea huko halmashauri pale ghorofa lilipokamilika, likapakwa rangi ya bluu juu, na wapangaji wakaingia. Fremu ya mbele aliichukua dada mmoja wa kutoka Ileje, msusi, mchapakazi, mwenye kicheko kikubwa. Nilikwenda kumweleza. Nilimwonyesha ufa uliokuwa umeanza juu ya mlango wake, wa kupitisha kidole.

"Dada," akanijibu, mikono bado kwenye kichwa cha mteja, "ugomvi wa nyumbani kwenu msiulete kwenye biashara yangu."

Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama nikauliza: likitokea la kutokea hapa kwetu, moto au nyumba kuanguka, nani ana machela, nani ana sululu, nani anajua namba ya zimamoto, na gari la zimamoto litapita wapi wakati malori yamefunga barabara kutoka mpakani hadi juu? Tulikuwa na kamati ya maafa ya mtaa. Mwenyekiti wake alikuwa hajui kama yeye ndiye mwenyekiti. Watu wakacheka. Mama mmoja akasema, "Kila akifungua mdomo ni msiba. Mwombeeni apate mume." Wakacheka zaidi, na kaka yangu, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alicheka kuliko wote.

Huku kwetu ardhi hujinyoosha mara moja moja. Vikombe hugongana kabatini, watu hutazamana, hutabasamu, shughuli zinaendelea. Mchana ule ilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa dukani, nikaona roli za waya zinacheza ukutani, kopo moja la rangi likaanguka. Mteja mmoja akasema, "Limepita," tukaendelea kupima misumari. Muda si mrefu akaja dereva wa bodaboda, hakuzima hata pikipiki.

"Dada, twende. Kwenu kumeanguka."

Upande wote wa mbele wa ghorofa ulikuwa umelala juu ya saluni. Zege lilikuwa limeshuka zima, kama mfuniko. Wapangaji wa juu walikuwa makazini. Mama alikuwa uani akipukuchua mahindi wakati inatokea. Nilimkuta amesimama, mweupe kwa vumbi, mzima. Mteja wa saluni alikuwa amewahi kuruka nje, amekaa chini barabarani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Msusi hakuonekana. Sauti yake tu ilisikika chini ya zege, haiiti msaada, inaimba pambio, mstari mmoja huo huo.

Kaka yangu alikuwa na simu sikioni.

"Unaongea na zimamoto?" nikamuuliza.

"Nampigia fundi," akasema. "Hapokei."

Nilimpokonya ile simu nikaitupa. Sijui iliangukia wapi, na sitaki kujua.

Watu walikuwa wengi na hakuna aliyejua afanye nini. Wengine walikuwa wanapiga picha. Vijana kadhaa walikuwa wanachomoa tofali kwa chini, na kila tofali ikitoka lile zege linashuka kidogo na pambio linakatika. Nikawapigia kelele waache. Nilipiga zimamoto, walikuwa wameshapata taarifa, wametoka, wamekwama nyuma ya malori. Ndipo akili ikanijia kwamba hayo malori yanayowazuia yana jeki. Nikakimbia barabarani, nikagonga mlango wa lori la kwanza kwenye foleni. Dereva alikuwa Mzambia, mtu mzima, anakunywa chai.

"Jeki," nikamwambia. "Jeki, baba, kuna mtu chini ya nyumba."

Hakuuliza la pili. Alimwaga chai, akawaita wenzake, wakaja na jeki zao na magogo wanayozuilia magurudumu. Yule mzee ndiye aliyeshika usukani wa shughuli. Aliwasukuma watu nyuma, akaweka jeki huku na huku, akawa anainua kidogo, anasimamisha gogo, anainua tena. "Panono, panono," alikuwa akisema, na hata asiyejua Kibemba alielewa kwamba ni polepole. Gari la zimamoto lilipofika, askari walimkuta msusi amefunuliwa hadi kiunoni, wakamalizia wao, kwa ustadi, wakamfunga vizuri na kumpeleka hospitali. Alipona. Mguu wa kushoto haukupona. Waliukata chini ya goti.

Nilimgeukia Mama nimshike. Akanirudisha nyuma kwa kiganja.

"Umefurahi?" akaniuliza. "Umefurahi sasa? Uliitamka, uliitamka, mpaka ikaja."

Kaka akadaka neno lile. Jioni hiyo kabla jua halijazama alikuwa anawaeleza majirani kwamba ni tetemeko, kazi ya Mungu, na kwamba kuna ndimi zinazoita mabaya. Nilikuwa nimesimama pale pale.

"Mungu ameliacha banda la kuku la jirani yako limesimama," nikamwambia, "kalichagua ghorofa lako peke yake?"

Alinyanyua mkono. Majirani wakamshika. Laiti wangemwachia, tungemalizana siku ile.

Nilikwenda hospitali kumwona msusi na uji kwenye chupa ya chai. Aliutazama uji, akanitazama mimi, akageuza uso ukutani. "Sitaki pole ya ukoo wenu," akasema. Niliuacha juu ya kikabati nikaondoka. Alikuwa na haki. Ila hiyo haki yake haikunizuia kuumia.

Baadaye alifungua kesi, nami nikaitwa kuwa shahidi. Ukoo ukaitisha kikao nyumbani kwa baba mdogo, kule Mbozi, kwenye mashamba ya kahawa. Waliua kuku. Nilipoona kuku nikajua nimeletwa kununuliwa.

"Mwanangu," baba mdogo akaanza, kwa upole, "ndugu hapelekwi mahakamani na nduguye. Utasema nini kule? Sema hukuwepo. Ni kweli, si ulikuwa kazini?"

"Nilikuwepo alipokataa kuweka nguzo, baba. Nilikuwepo alipoifuta ile X."

"Hiyo siyo waliyokuitia."

"Ndiyo hiyo hasa."

Kaka alikuwa amekaa karibu na mlango, miguu imenyooshwa. "Angenyamaza tangu mwanzo," akasema, hakuniangalia, "nisingejenga kwa kujificha Jumapili kama mwizi. Ningefanya kazi kwa utulivu, ningeweka hata nguzo. Yeye ndiye aliyeniharakisha."

Nikawatazama wote waliokuwa mle ndani: baba mdogo, shangazi zangu wawili, mke wa kaka, Mama. Nilitegemea mmoja wao acheke. Walitikisa vichwa, kwa kukubali.

"Kuna aliyekwenda hospitali kumwona yule dada?" nikauliza.

Shangazi akasema chakula kinapoa. Sikula. Nilisimama, nikamwinamia baba mdogo kwa adabu kama tulivyofundishwa, nikatoka. Mama hakuinuka. Nilisimama uani muda wa kumpa nafasi ya kutoka kama angetaka, kisha nikashuka njia ya shambani hadi barabarani, nikapanda gari la kurudi Tunduma.

Nilitoa ushahidi. Nilisema kila kitu, hata mambo ambayo wakili hakuniuliza. Kaka alishindwa kesi, akaamriwa amlipe msusi fidia na akibomoe chote kilichobaki kwa gharama yake. Alibomoa. Nyumba ya baba haipo, mahali pake pana nyasi na gari bovu la mtu. Mama anaishi na kaka na mkewe kwenye nyumba ya kupanga, si mbali na kwangu. Tunakutana sokoni. Ananisalimu kwa jina la ukoo, kama mtu anayemsalimu mkwe asiyempenda. Kaka hanisalimu kabisa. Nasikia amenunua kiwanja kingine na safari hii amekwenda mwenyewe kumwomba mhandisi akague msingi. Wengine wangefurahi. Mimi nilipoambiwa niliuma meno, nikafikiria ule mguu.

Baada ya kesi, mwenyekiti wa mtaa alikuja kuniomba niongoze kamati ya maafa. Hakuomba radhi kwa vicheko vya mkutano ule, nami sikumsaidia kuomba. Nilikubali kwa masharti: tuwe na jeki zetu, machela na sululu, vikae mahali ambapo inajulikana nani ana ufunguo, tukubaliane na madereva wa malori waache upenyo kwenye foleni, na nipite nyumba kwa nyumba kuangalia kuta. Mambo mawili ya kwanza yamefanyika. La tatu ndilo linalofanya watoto wa mtaa wakimbie kutangaza nikitokea: "Yule mama wa kubomoa anakuja!"

Wiki iliyopita nilifika kwenye nyumba moja karibu na korongo. Mwenyewe anaongeza chumba cha juu. Aliniona tangu mbali, akaja kufunga geti.

"Kwangu huingii," akasema kupitia upenyo wa geti. "Ulimfunga kaka yako, unataka kunifunga na mimi?"

"Kaka yangu hakufungwa. Alilipa."

"Ondoka, mama. Nitakufungulia mbwa."

"Wafungulie," nikasema. "Nipo hapa. Nguzo ziko ngapi?"

Alinitukana mimi na mama yangu. Nilisubiri amalize, nikarudia swali. Jua lilikuwa kali, majirani walishaanza kukusanyika, na ndani, nyuma yake, niliona mke wake amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, anatazama dari.