Nta kwenye Kaburi la Kelestini

Restuta alikuwa mwanamke wa kunusa kwanza. Mchele wa vitumbua vyake aliununua kwa kutafuna punje mbilimbili, macho yake yakiwa usoni mwa muuzaji, si kwenye gunia. Hata mumewe Kelestini, fundi baiskeli ambaye nusu ya mtaa wa Lipangalala ilimpenda kwa upole wake, aliishi naye miaka ishirini na sita akimnusa.

"Mwanamume anayependwa na kila mtu," alizoea kusema, "lazima yuko mmoja anayempenda zaidi."

Huyo mmoja hakuwahi kumpata. Kelestini akafa kwa presha bila hata kosa moja kuthibitika, na Restuta akamlilia kwa uchungu wa mke na wa mpelelezi aliyefungiwa jalada.

Miaka minne ikapita. Asubuhi ya tarehe mbili Novemba, siku ya Marehemu Wote, alifika makaburini na jembe lake akakuta kaburi limekwisha kupaliliwa. Udongo ulikuwa umefagiliwa. Chini ya msalaba wa mbao wenye jina la Kelestini kulikuwa na nta nyeupe ya mshumaa iliyomwagika ikaganda, na mbele yake alama za magoti mawili. Magoti madogo.

Alimpigia simu Fredy, mwanawe wa pekee.

"Ulikuja kwa baba yako ukawasha mshumaa?"

"Mama, mimi niko Mlimba navuna usingizi. Mshumaa ningeuwasha kwa bluetooth?"

Jioni ile jumuiya ilikutana nyumbani kwa jirani yake, Theresia. Katekista Maximilian, mzee mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, alieleza kwa nini Kanisa limeutenga mwezi huu. Roho za toharani, zinazotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, haziwezi kujisaidia, alisema, bali sisi tulio hai tunaweza kuzisaidia. Tangu tarehe moja hadi nane, mwamini aliyeungama na kukomunika, akaenda makaburini kuwaombea marehemu na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, anaweza kumpatia marehemu mmoja rehema kamili kila siku, asamehewe adhabu iliyobaki ya dhambi zake.

Restuta akanyoosha mkono. "Mwalimu, mtu anaweza kuiomba kwa ajili ya marehemu asiye ndugu yake?"

"Anaweza sana. Ni tendo la upendo."

"La upendo," Restuta akarudia taratibu.

Theresia akamgusa kiwiko. "Mama Fredy, hilo swali lako lina miguu. Linakwenda wapi?"

"Halijafika. Likifika utasikia."

Usiku hakupata usingizi. Mawazo yake yalikuwa yamenyooka kama reli. Rehema inaombwa kwa mwenye adhabu, na adhabu inatokana na dhambi. Mwenye magoti madogo asingehangaika kumwombea Kelestini kama hajui dhambi yake. Na dhambi ya mwanamume inayojulikana na mwanamke mwingine, mkewe asiijue, Restuta aliijua moja tu. Akainuka, akaigeuza picha ya marehemu ikatazama ukuta.

Tarehe tatu alipofika, baada ya kuuza vitumbua, alikuta nta mpya juu ya ile ya jana. Tarehe nne hakukaanga kabisa. Wateja waligonga mlango wakachoka. Yeye kulipokucha alikuwa anapita katikati ya makaburi, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kuamua ugomvi. Au kuuanzisha.

Mwanamke alikuwepo. Umri wake ulikuwa kama thelathini hivi, amepiga magoti, rozari mkononi, mshumaa unawaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unamwombea nani?"

"Mama yangu."

Restuta akauelekezea jembe msalaba. "Mama yako anaitwa Kelestini?"

Mwanamke akasimama, akajipangusa udongo. Akasema yeye ni Agnella, binti wa marehemu Natalia, na kwao ni kijiji cha Mofu. Mama yake aliugua akiwa kwa ndugu hapa mjini, akazikwa hapa. "Usawa wa mti ule wa msaji, hatua tano. Siku ya maziko niliuegemea mpaka wakaniondoa. Halafu yakaja mafuriko ya mwaka juzi. Vijana walikusanya misalaba iliyoelea, wakaisimika kwa kukisia. Wa mama haukuonekana tena. Nilipokuja Agosti nikaukuta huu. Sikuthubutu kung'oa msalaba wa mtu."

Restuta akautazama mti ule. Siku ya kumzika Kelestini alikuwa ameshikwa na wanawake wawili, kanga imemfunika kichwa mpaka puani. Hakuwa ameliona kaburi, alisikia udongo tu. Tangu siku ile alichokijua ni msalaba, na maji yalipoondoka aliufuata ulikosimama.

"Unasema kweli?" akauliza, lakini sauti haikuwa na meno.

"Kweli, mama. Kumbe ni wewe unayelima hapa? Kila nikija nakuta udongo umechimbuliwa. Nikasema kuna mchawi anachukua udongo wa kaburi la mama. Nilipanga nikuvizie."

"Mchawi? Mimi?"

"Nisamehe, mama."

"Nimekuwahi kukuvizia," Restuta akasema, na bila kutaka akacheka, kicheko kifupi kilichomuumiza kifua.

Kisha akakumbuka rimu. Mafundi wenzake Kelestini walishindilia rimu ya baiskeli kichwani mwa kaburi, nusu yake ikabaki juu kama upinde. Baada ya mafuriko haikuonekana, na Restuta alimtukana mnunuzi wa chuma chakavu mbele ya soko zima akimwita mwizi wa wafu.

Walitafuta pamoja, Agnella akifyeka kwa panga lake, Restuta akipiga jembe. Upande wa mtaro, mahali ambapo mafuriko yalirundika matope na nyasi zikaota kumpita mtu, jembe likalia. Alifukua kwa mikono. Rimu ilitoka nyekundu kwa kutu, na spoku tatu.

Restuta akapiga magoti. Jambo la kwanza alilofanya, kabla ya ishara ya msalaba, lilikuwa kupekua. Alitenganisha nyasi shina kwa shina, akapapasa udongo wote, kichwani, ubavuni, miguuni, akitafuta nta. Agnella alimtazama asielewe.

Hapakuwa na hata tone. Tangu maji yaondoke, hakuna mwanamke yeyote aliyewahi kupiga magoti pale.

Alibaki ameshika ile rimu kwa muda mrefu, mpaka viganja vikawa vyekundu. Agnella akaukata mshumaa wake vipande viwili, akamnyooshea kimoja.

"Leo tarehe nne, mama. Zimebaki siku tano za rehema, na hii ikiwemo."

"Basi zote ni zake," Restuta akasema. "Na kesho nitaungama tena. Niliyoungama juzi hayakutosha."