Waya wa Nyanya

Sifa zimrudie Mungu, aliyenifikisha uzeeni na masikio yangu bado yanasikia. Juzi nilipita Mowlem, mtaa nilikokulia, kumwona mgonjwa, na kutoka dirisha la juu ghorofani nikasikia gita la umeme likinguruma. Nilisimama barabarani, mzee mzima, nikicheka peke yangu. Maana sisi, rafiki yangu, tulikuwa na redio yetu wenyewe ya muziki wa roki.

Ilikuwa jikoni kwa jirani yetu, fundi wa redio. Aliunda mtambo kwa vipuri vya redio zilizokufa, akaegemeza magodoro ukutani kuzuia mwangwi. Sauti ilianzia kwake ikaishia kwenye ukuta wa kanisa. Stesheni kubwa zina rumba na benga za kutosha, alikuwa akisema. Nani anawashughulikia vijana wenye kelele kichwani? Jioni ploti nzima, vyumba vyote vilivyozunguka kiwanja chetu, ilinukia sukuma wiki na mafuta ya taa, na kila dirisha lilitoa gita lile lile.

Antena yake ilikuwa waya wa kuanikia nguo. Ulikatiza kiwanja chote, na aliyeusimamia alikuwa nyanya yangu. Ukianika shuka mbichi, redio inakohoa. Ukianika blanketi, inakata roho. Kwa hiyo Jumamosi, siku ya kufua, hatukuwa na stesheni.

Basi bendi ya vijana wa mtaa ikapangiwa kupiga nyimbo zake hewani kwa mara ya kwanza. Siku za kazi walikuwa viwandani, na Jumapili hakuna aliyethubutu kuitaja. Ikabaki Jumamosi alasiri. Mpiga gita alikuwa kaka yangu, aliyekuwa ameacha kwaya ya kanisa, na tangu aiache nyanya alikuwa akimwekea chakula mezani bila neno. Mtaa mzima ulikuwa umewasha redio, na waya ulikuwa umejaa nguo.

Fundi akaja mbio kwa nyanya. “Shosho, tuondolee hizi nguo kidogo tu.”

“Hizi ni sare za akina mama wa kanisa. Kesho tuende mbele za Bwana tukidondosha maji kwa sababu ya gita zako?”

“Si zangu, shosho. Anayepiga ni mjukuu wako.”

“Najua anayepiga. Ukuta wako ni mwembamba.”

 Nyanya akaanza kutoa vibanio, kimoja kimoja, akatuita watoto tutandaze sare juu ya uzio wa kayaba, licha ya miiba yake.

Ndugu yangu, hujasikia kitu. Gita la kaka lilitoka kila mlango kwa pamoja, vikombe vikatetemeka kabatini, watoto tukaruka mpaka vumbi likatuficha. Nyanya alikaa kwenye kigoda, redio mapajani. Wimbo ulipokwisha alisema tu, “Anapiga kwa nguvu. Angalau hajifichi.”

Kesho yake akina mama walisimama kanisani na sare nyeupe zilizotobolewa na miiba. Kaka yangu alikuwa amekaa benchi la nyuma yao. Aliyaona matundu yote.

Fundi alihama baadaye, na waya ukabaki wa nguo tu. Leo ni maghorofa. Kila mtu anaanika kwenye roshani yake, na hakuna waya unaotoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Nawe unayesoma, Mungu akupe mtu atakayekuondolea nguo zake kwenye waya siku yako ya kusikika.